Eabegi za Takata kwenye magari ya mtumba: anza na namba ya chasisi

Ndugu mleta mada, umeuliza kama wito wa kurejesha magari yenye eabegi (mifuko ya hewa inayofumuka wakati wa ajali) za Takata, iliyokuwa kampuni ya Japani, unalihusu gari lako la mtumba kutoka Japani, na kama baridi ya Mbeya inatosha kukuondolea wasiwasi.

Wito huo hufuata gari lenyewe, hata likibadili mmiliki au nchi. Kasoro iko kwenye kifaa kinachojaza gesi: kemikali yake, amonia naitreti isiyowekewa kikausha unyevu, huharibika miaka ya joto na unyevunyevu inavyopita, na siku ya ajali huwaka kwa nguvu kupita kiasi hadi chuma kinachoihifadhi kinapasuka na kumrushia vipande aliyeketi mbele. Baridi yetu hupunguza kasi ya uharibifu huo, lakini haiponyi uliokwisha kutokea, na gari linaloshuka mara kwa mara Kyela, kwenye joto la kando ya Ziwa Nyasa, halikai kwenye baridi muda wote.

Chukua kadi ya gari, unakili namba ya chasisi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba ya herufi na tarakimu 17. Yana msimbo wa modeli, kistari, kisha tarakimu, kwa mfano yanayoanza na NZE121. Ndiyo maana tovuti za Marekani huzikataa namba zetu. Ingia tovuti ya mtengenezaji ya huko Japani, itafsiri kwa simu, uijaze namba kama ilivyo.

Langu lilikutwa na kasoro upande wa abiria. Wakala wa mtengenezaji jijini Dar es Salaam aliagiza kifaa kipya, nikangoja kwa miezi kadhaa, na sikutozwa chochote. Muda wote huo kila abiria, hata mama yangu mzazi, aliketi nyuma. Fundi mmoja wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, alipendekeza aing'oe eabegi na kuizima taa ya tahadhari. Nilikataa kabisa, kwa sababu kifaa kile kinaweza kumlipukia anayekifungua bila utaalamu.

Tangu Mei 2018 Japani huyanyima cheti cha ukaguzi magari yenye eabegi hatari ambazo hazijabadilishwa, kwa hiyo lililoondoka kule kabla ya hapo ndilo la kuangaliwa kwanza. Na kwa anayetaka kuagiza sasa, muuzaji akutumie namba ya chasisi kabla hujalipa hata shilingi ya kwanza.