London siku mbili, makumbusho ya bure

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi na mume wangu na mtoto wetu wa miaka 9 tutapita London siku mbili, nasikia makumbusho makubwa kule ni bure, ni kweli au ukifika mlangoni ndo wanakubana? Na tuanze na ipi maana nimeandika sita hapa.

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni kweli kabisa, makumbusho ya taifa kule hayana kiingilio kwa wote tangu Desemba 2001, mlangoni mtakuta sanduku la mchango, ukipenda weka, usipoweka pita zako hakuna atakayekudai. Wanacholipisha zaidi ni yale maonyesho ya muda.

Ila sita kwa siku mbili hapana jamani, mtatoka miguu inawaka na hamkumbuki kitu! Chagueni mbili. Uzuri wa bure ndo huo, mnaingia kwa muda wa saa moja mkichoka mnatoka, kesho mnarudi tena na hamjapoteza hata shilingi, sasa mtu anajilazimisha kumaliza kila chumba ya nini?

Siku ya kwanza British Museum. Pale watu wote wanakimbilia jiwe la Rosetta, lile lenye maandishi ya aina tatu lililosaidia kusoma maandishi ya Misri ya kale, mtakuta limezungukwa na simu juu juu hata hulioni vizuri. Chungulieni kidogo halafu nendeni chumba namba 1, kuna nakala yake haina kioo, mtoto anaruhusiwa kuigusa, mwacheni apitishe vidole kwenye zile herufi taratibu. Halafu shukeni chumba namba 25 cha Afrika mkaone shaba za Benin, yaani sanamu na mabamba ya ufalme wa kale wa Benin uliokuwa Nigeria ya leo, na mwambieni mtoto ukweli kwamba wanajeshi wa Uingereza walizipora 1897, mimi naona ni muhimu ajue zilifikaje pale.

Siku ya pili Natural History Museum. Ukumbini kumening'inizwa mifupa ya nyangumi wa bluu, mita 25 hivi, msiishie kumtazama kutoka chini, pandeni ngazi mpaka roshani za juu mumwone kwa karibu. Mtoto akiwa bado ana nguvu Science Museum iko jirani hapo hapo.

Wekeni nafasi mapema mtandaoni, nayo ni bure, inapunguza foleni. Ijumaa British Museum hawafungi mpaka saa mbili na nusu usiku. Na yale mabegi ya kuburuta acheni mlikofikia, pale hawayaruhusu kuingia.