Rangi ikigoma, mtazame jirani yake

Ukianza kujifunza muziki au uchoraji, kitu cha kwanza utakachopewa ni orodha. Kwenye muziki utaambiwa kuna mdundo, melodi, upatanifu wa sauti, mwendo, nguvu ya sauti, rangi ya sauti (ile inayokufanya utofautishe filimbi na gitaa) na muundo. Kwenye picha kuna mstari, umbo, rangi, mwanga na kivuli, nafasi, halafu kanuni za kuvipanga: mizani, uwiano, msisitizo, marudio, umoja. Ikariri tu, haina ubaya, jioni moja inatosha. Shida ni kwamba orodha humfanya mtu aamini kila kimoja kinajitegemea, na hapo ndipo wanafunzi wangu wengi hukwama, waimbaji kwa wachoraji.

Kwa hiyo ushauri ninaourudia kuliko wowote ni huu: kitu kikikukera kwenye kazi yako, usikimbilie kukibadili chenyewe. Gusa kwanza kilicho kando yake.

Ushahidi ninaoupenda unatoka Ufaransa. Mkemia Michel Eugène Chevreul alikuwa msimamizi wa utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, wanakofuma mazulia ya kutundika ukutani. Yakaja malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazikolei. Akachunguza, akakuta weusi wenyewe hauna kasoro yoyote. Uliokuwa ukiupunguzia nguvu ni rangi zilizofumwa karibu yake. Mwaka 1839 akachapisha kitabu kinene juu ya jambo hilo. Ameitwa kukagua madawa ya rangi, akaishia kueleza jinsi jicho la binadamu linavyofanya kazi!

Unaweza kuliona hilo mwenyewe kwa mkasi. Kata vipande viwili vya kijivu kutoka karatasi moja, kimoja ukiweke katikati ya karatasi nyeusi, kingine katikati ya nyeupe. Cha kwenye nyeusi kitaonekana cheupecheupe, cha kwenye nyeupe kitaonekana kimekoza. Kila nikifanya hivi darasani hakosi mtu wa kuinuka, akavitoa vyote viwili na kuvilaza pamoja kuhakikisha sikumchezea shere. Namwacha. Mtu wa namna hiyo huwa anajifunza haraka.

Kwa sauti mnahitaji watu watatu tu. Tumia nota za solfa, do, re, mi. Mmoja ashikilie "so" asiiache. Wawili waimbe "do" na "mi" chini yake, na mtasikia sauti zimekaa, zimetulia. Sasa "do" ishuke kwenda "ti", na "mi" ishuke kwenda "re". Mwenye "so" hajasogea hata kidogo, kifaa cha kupimia sauti kingeonyesha mitetemo ileile kwa sekunde, lakini ghafla chumba kizima kinangoja jambo. Wale wawili wakirudi "do" na "mi", watu hushusha pumzi. Nota ni ileile, kilichobadilika ni wenzake.

Ndiyo maana kwaya ikinilalamikia kwamba kilele cha wimbo hakina uzito, ni nadra kuwaambia waongeze sauti. Nawaambia wapunguze mistari miwili inayotangulia. Sauti kubwa inayokuja baada ya sauti nyingine kubwa haina kilele, ina uchovu tu. Hata mwendo uko hivyo: mapigo 60 kwa dakika, yaani pigo moja kila sekunde, yatasikika ya kuburuta ukitoka kwenye wimbo wa kasi, na yatasikika ya kawaida kabisa ukitoka kwenye maombolezo.

Kwenye picha, mtazame mchoraji wa Kijapani Hokusai na ile picha yake maarufu ya wimbi la Kanagawa, iliyochapwa yapata mwaka 1831. Nyuma ya wimbi kuna mlima Fuji, wenye mita 3,776, mrefu kuliko yote Japani, naye kauchora mdogo kiasi kwamba usipoangalia vizuri utadhani ni wimbi jingine. Wimbi linatisha kwa sababu mlima umedogoshwa. Angeuchora Fuji kwa ukubwa unaojaza karatasi, maji yale yasingemshtua mtu.

Mizani sitaizungumzia sana. Watu huidhani ni kulia kufanana na kushoto, kumbe doa dogo jekundu laweza kushindana na eneo pana la kijivu bila tabu.

Rangi ndiyo inayowapotosha wengi. Piga picha mchoro wako kwa simu, uondoe rangi zote ubaki weusi na weupe. Nyekundu na kijani zilizokuwa zikigombana mara nyingi hugeuka kijivu kimoja, na hapo utajua kwa nini mchoro ukitazamwa kwa mbali unapooza. Kwangu mimi anayeanza akae na penseli tupu kwa muda mrefu kuliko anavyopenda. Mwanga na kivuli vikikaa sawa, hata rangi za ajabu hukubalika. Kinyume chake bado sijakiona.

Basi jioni hii chukua kazi yako iliyokwama. Usiongeze kitu. Ondoa kitu kimoja kando ya kile kinachokusumbua: nota moja ya kusindikiza, au kichaka ulichokichora ili kujaza pembe tu. Acha pawe kimya, au pawe peupe. Sogea hatua kadhaa nyuma, au uimbe upya kutoka mwanzo bila kusimama. Kikiendelea kugoma, hapo sasa kibadili chenyewe.