Maswali na Majibu: Nukta Nyekundu Juu ya Gobore

Msimu wa gobore katika majimbo ya magharibi ya Marekani, yaani kipindi kilichotengwa kuwinda kwa bunduki ya kushindilia baruti na risasi kupitia mdomoni, umewaletea wengi wenu maswali kuhusu darubini ya nukta, ile isiyokuza kitu: kioo kidogo cha betri kinachokuonyesha nukta nyekundu pale unapolenga. Nayajibu hapa.

Niko Salt Lake City. Rafiki yangu wa Colorado anasema nukta ni marufuku msimu wa gobore. Mbona huku inaruhusiwa?

Wote mko sahihi, kila mtu kwa jimbo lake. Utah iliruhusu darubini za kukuza mwaka 2016, kisha mwaka 2024 ikageuza: kwenye msimu wa gobore, darubini isikuze kabisa. Nukta yako inapita. Colorado wao wanataka vilengeo vya wazi tu, vile vya chuma visivyo na kioo. Chenye betri hakiruhusiwi msimu huo. Ukivuka mpaka ukaingia kuwinda msimu huo na bunduki ileile, umeshavunja sheria kabla hujafyatua.

Mimi naiunga mkono Utah. Msimu huu ulitengwa kwa ajili ya mtu aliye tayari kumnyatia mnyama. Gobore la kisasa lenye darubini ya kukuza mara 9 linamfikia elki, yule kulungu mkubwa wa huko, akiwa mita 200, hata zaidi, na hapo maana ya msimu inapotea. Kanuni hubadilika, kwa hiyo soma kijitabu cha mwaka huu, si cha mwaka jana.

Nina miaka 58. Vilengeo vya chuma naviona ukungu mtupu. Nukta itanisaidia?

Sana, mzee wangu. Kilengeo cha chuma kinalitaka jicho lione vitu vitatu kwa pamoja: pengo la nyuma, ncha ya mbele na mnyama. Lenzi ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyokwenda, na jicho haliwezi tena kuhamahama hivyo. Nukta inaonekana kama iko kulekule aliko mnyama. Unamtazama yeye, macho yote mawili wazi, na nukta inamkalia.

Kuna tatizo moja. Mwenye astigmatizimu, yaani jicho ambalo umbo lake si la duara sawasawa, huiona nukta kama nyota au kama mkia wa nge. Ipige picha kwa simu kupitia kwenye kioo. Ikitokea ya duara, ujue darubini ni nzima na shida iko kwenye jicho. Vaa miwani yako, punguza mwanga wa nukta. Ikishindikana, jaribu kilengeo cha tundu, kile cha chuma unachochungulia kupitia kitundu cha nyuma, hakina betri na Colorado hawakikatai.

Ninunue nukta ya ukubwa gani?

Ya MOA 2; MOA ni kipimo cha pembe, na hapa kinaonyesha nukta inafunika eneo kubwa kiasi gani. Kwa mita 100 hufunika takriban sentimita 6. Ya MOA 6 hufunika kama 17, na sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu ni sentimita 20 hivi; utakuwa umeziba karibu yote unayoilenga. Alfajiri na jioni shusha mwanga mpaka nukta ionekane kwa shida, maana ikiwaka sana inatawanyika na kukimeza kifua kizima.

Naweza sasa kupiga mbali zaidi?

Hapana. Nukta inatibu macho, haigusi baruti. Risasi ya gobore ni nzito na haina kasi ya bunduki ya kawaida. Inashuka upesi, upepo unaisukuma, na moshi unakuzuia kuona imegonga wapi. Kushindilia nyingine kunachukua muda, na mnyama aliyejeruhiwa hakusubiri. Pata sahani ya sentimita 20. Umbali ambao risasi zako zote zinaingia humo, ukipiga kwa mkao wa porini, ndio mpaka wako. Na kumtambua mnyama tumia darubini ya mkononi, kamwe usimtazame kwa bunduki.

Niko Handeni. Gobore la marehemu babu liko ndani. Nalo linafungika nukta?

Tafadhali usilifunge wala usilipige. Magobore mengi ya vijijini yamefuliwa kwa bomba ambalo halikupimwa, na likipasuka, uso wako uko karibu. Silaha inataka leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na kuwinda kunataka kibali chake. Nenda polisi ueleze ulivyolirithi.

Baruti nyeusi haitaharibu kioo?

Masizi yake huvuta unyevu na kula chuma. Puliza kwanza, kisha futa kioo kwa kitambaa laini chenye unyevu. Ukianza na kikavu unakikwaruza. Kaza skrubu za kishikio kila baada ya mazoezi, kwa sababu teke la gobore huzilegeza, kisha piga tena kwenye shabaha kabla ya kwenda porini. Betri ya akiba iweke mfuko wa ndani: baridi ya milimani huidhoofisha.