Msiite bure kilicho huria

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kundi letu la akina mama tunaopeana mapishi kwa simu limeyakusanya yakawa kijitabu, na tumekipanga kwa LibreOffice, programu ya kuandikia kwenye kompyuta. Mwenzetu mmoja ameandika ukurasa wa kwanza kwamba tumetumia "programu ya bure". Binti yangu anasomea kompyuta, akasema iwe "programu ya chanzo wazi". Mwingine akaleta "programu huria". Tuandike lipi? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba, mama. Andikeni "programu huria". Swali lako limeshajibiwa, lakini naomba unistahimili kidogo, maana hiyo "programu ya bure" imenikaa kooni miaka mingi na leo umenipa nafasi ya kuitema.

Huru na huria ni ndugu, wote asili yao Kiarabu: hurr ni aliye huru, hurriya ni uhuru. Kiswahili kiliwapokea wote wawili kikawagawia kazi. Huru mara nyingi humwelekea mwenye hiari yake: mtu huru, nchi huru. Huria huelekea uwanja uliofunguliwa watu waingie: soko huria, Chuo Kikuu Huria. Mtumwa aliyepewa hati yake tulisema ameachwa huru. Jaribu kusema "ameachwa bure" uone inavyosikika.

Bure ni neno jingine kabisa. Nimepewa bure, sikulipa. Umejisumbua bure, hukupata kitu. Fulani ni mtu bure, hana faida. Neno hili linahesabu kilichotoka mfukoni au kilichopatikana mkononi, na halina habari na ruhusa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992, na wanafunzi wake wanalipa ada kama wenzao wa vyuo vingine. Hakuna aliyewahi kupanga foleni pale akidai asome bure kwa sababu ya jina. Sasa kwa nini mtu huyohuyo akifika kwenye kompyuta masikio yanaziba?

Nyinyi ni wapishi, basi twende jikoni. Siku ya Idi jirani anakuletea sahani ya pilau imefunikwa kawa. Umekula bure. Ukimuuliza ametia nini, anasema, "Viungo tu, mwenzangu." Unanusa: hiliki ipo, mdalasini upo, karafuu imezidi kidogo. Uzile aliukaanga kwanza au aliusaga mbichi? Hujui. Wali umetoka punje punje, hujui maji aliyapima vipi, wala kama aliupalia makaa juu au aliufunika tu. Mwanao hapendi karafuu. Huna la kufanya ila kumtolea moja moja kwa kidole. Kesho ukiitamani tena pilau ile, ungoje Idi nyingine.

Jirani wa pili hakuletei sahani. Anakuita jikoni kwake na kukuambia uje na mchele wako, nyama yako na viungo vyako. Fedha imekutoka. Lakini umeona vitunguu vinavyoachwa mpaka vikaribie kuungua ndipo supu imwagwe, umeona thomu na tangawizi vinaingia lini, umeshika mwiko mwenyewe. Wiki ijayo unapika kwako, unapunguza karafuu kwa ajili ya mtoto, unamfundisha wifi yako, naye anaongeza viazi na kuwafundisha wa kwao. Huyu hakukupa kitu cha bure hata kimoja. Amekupa pishi lenyewe.

Hicho cha jirani wa pili ndicho kilicho huria. Richard Stallman, fundi wa kompyuta wa Marekani aliyeanzisha mwaka 1983 mradi wa GNU wa kutengeneza programu huria, hutumia mfano huohuo wa mapishi, na anachodai ni mambo manne: mtu aitumie programu kwa kazi yoyote, aichunguze na kuibadilisha, agawe nakala, na agawe hata nakala alizozibadilisha. Bei hakuitia humo. Kampuni ya Red Hat inafanya biashara kwa programu za aina hiyo, na mwaka 2019 kampuni ya kompyuta ya IBM iliinunua kwa dola bilioni 34 za Marekani. Upande wa pili, simu yako imejaa programu ulizozipata bila kulipa shilingi, ambazo huruhusiwi kuzifungua uone ndani zinafanya nini na habari zako. Kwa hizo Kiswahili kina usemi wake wa siku nyingi: si bure, kuna jambo.

Wenye Kiingereza nawaonea huruma. Neno lao "free" limebeba huru na bure katika kapu moja, ndiyo maana Stallman ameeleza kwa miongo kadhaa kwamba anasema juu ya uhuru wa kusema, si juu ya bia ya bure. Wengine wakaona waazime "libre" ya Kifaransa na Kihispania, na ndiyo mnayoisoma katika jina la LibreOffice tangu mwaka 2010. Sisi hatuna tatizo hilo. Tuna maneno mawili, kila moja na kazi yake, halafu tunakwenda kuazima mkanganyiko wa wenzetu! Hilo ndilo linaloniudhi.

Tena linatufutia kazi yetu. Mwaka 2004, mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu OpenOffice, mzazi wa hiyo LibreOffice yenu, ilikuwa huria. Ingekuwa ya bure tu, wangeitumia kwa Kiingereza na kushukuru.

Kwenye hadithi ugonjwa ni uleule. Riwaya mpya inapigwa picha ukurasa kwa ukurasa, inazungushwa kwenye makundi na kuitwa "riwaya huru". Mwandishi hajairuhusu, mmeisoma bure, basi. Watu wa fasihi walikuwa waangalifu zaidi. Walipobishana juu ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, waliyaita mashairi huru, na hata wanamapokeo waliokuwa wakiyachukia hawakuwahi kudhani kwamba huru maana yake hayauzwi.

Kuhusu binti yako, sina ugomvi naye. "Chanzo wazi" ni tafsiri ya istilahi iliyozuka mwaka 1998, na darasani wataelewana. Ila chanzo kwetu ni cha mto, cha moto, cha ugomvi. Msomaji wa kijitabu cha mapishi akikuta "chanzo wazi" atauliza chanzo cha nini. Kama anataka kutaja maandishi yale wanayoyaandika mafundi, aseme "msimbo wazi", nami nitamwitikia.

Basi ukurasa wa kwanza usomeke: "Kijitabu hiki kimepangwa kwa programu huria." Msiandike "ya huria", neno hili halihitaji kiungo. Kisha kaeni mwamue juu ya mapishi yenyewe. Kama mnaruhusu mtu ayabadilishe na kuyagawa, yaiteni mapishi huria, hata kama kijitabu mnakiuza. Kama hamruhusu, ila hamtaki fedha ya mtu, hapo andikeni "kinatolewa bure", na neno litakuwa limekaa mahali pake.