Sungura Mmoja Akifa, Anza na Aliyebaki

Hapa Tanga, sungura wengi ninaoletewa wametoka kwenye mabanda ya watu waliokata tamaa. Mtu kasikia sungura wanalipa, kanunua dume na jike. Mimba ya sungura ni kama siku 31, na jike anaweza kupandwa tena siku ileile aliyozaa, kwa hiyo banda linajaa kabla mteja hajapatikana. Mwisho wake wanatolewa bure au wanaachwa na njaa. Mimi huwapokea, nikawalea mpaka wapate nguvu, halafu nikawatafutia pa kuishi. Baadhi yao nimewazika. Kama nawe unafikiria kuianza kazi hii, au umeianza na leo asubuhi umekuta mmoja hainuki, haya ndiyo niliyojifunza.

Mgeni akifika, usimchanganye na wenyeji. Muweke peke yake wiki mbili hivi, umkague masikio kama yana magamba ya utitiri, meno, na nyayo za nyuma, maana waliokaa juu ya wavu mtupu huwa na vidonda huko. Ukimbeba, mkono mmoja uwe chini ya makalio. Akirusha mateke hewani anaweza kujivunja uti wa mgongo.

Chakula chake ni nyasi. Watu wataleta karoti na mchicha kwa nia njema, wapokelee, lakini wape sungura kidogo tu. Meno yake hayaachi kuota maisha yake yote, na nyasi ndizo zinazoyasaga. Tena ndizo zinazolifanya tumbo litembee. Mimi nakata ukoka na mabingobingo mbali na barabara na mbali na mashamba yanayopuliziwa dawa, nikaanika kivulini zinyauke. Majani ya parachichi usiyasogeze kabisa, yana sumu. Na ukimkuta anakula kinyesi chake laini moja kwa moja kutoka nyuma, mwache. Hana ugonjwa wala njaa, ndivyo alivyoumbwa kupata virutubisho vyake.

Kikubwa kuliko vyote: sungura huficha maumivu. Porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa, na tabia hiyo haimtoki hata akiwa bandani kwako. Ndiyo maana kila asubuhi naangalia vinyesi kabla sijaangalia uso. Vikiwa vidogo, vikavu, au hakuna kabisa, tumbo limeanza kusimama, yaani chakula hakisogei tena ndani. Sungura aliyekaa saa 12 bila kula ni wa kukimbizwa kwa daktari wa mifugo, hata iwe siku ya sikukuu. Ukifika, mkumbushe kwa adabu kwamba sungura hapewi dawa za jamii ya penisilini kwa mdomo, amoksilini ikiwemo. Zinaharibu bakteria wema wa tumboni, na anaweza kufa kwa kuhara.

Chausiku alikuja kwangu akiwa mifupa na manyoya, pamoja na dume aliyehasiwa ambaye watoto walimwita Bahati. Akanenepa. Kisha ukaingia msimu wa kaskazi, joto likipanda juu ya nyuzi 30 na hewa ya bahari imejaa unyevu, hali ambayo sungura haiwezi vizuri kwa sababu hatoi jasho kama sisi. Nilikuwa nimewawekea chupa za maji yaliyoganda, nimezifunga kwa kanga, na gunia la katani lililoloweshwa juu ya banda. Bado tumbo lake likasimama. Daktari alikuja, akamchoma sindano ya maumivu na kumwongeza maji chini ya ngozi. Usiku nilimsikia akisaga meno kwa nguvu, kichwa kimeinama, masikio yamepoa mkononi mwangu. Alfajiri alikuwa amekufa.

Jirani yangu mtu mzima aliniambia, "Pole mwanangu. Lakini si ungemchinja mapema tu?" Hakuwa na ubaya, kwake sungura ni kitoweo. Nilimjibu, "Ahsante bibi, huyu nilikuwa namuuguza." Utaambiwa hivyo nawe. Pokea ile pole, mengine yaache yapite. Machozi ya mtu aliyemuuguza kiumbe usiku kucha hayahitaji ruhusa ya mtu.

Sasa yule aliyebaki. Kama hakuna dalili ya ugonjwa wa kuambukiza, usiuondoe mwili haraka. Nilimwacha Bahati na Chausiku kwa muda. Alimnusa puani, akamlamba paji la uso, akamsukuma kwa kichwa, kisha akaenda kukaa pembeni. Sungura aliyeondolewa mwenzake ghafla anaweza kumtafuta, na wengine hugoma kula. Kugoma kula ndiko kunakoweza kumuua na yeye. Kwa hiyo siku zile nilihesabu alichokula, nikaketi naye chini, nikamwachia lile gunia walilokuwa wakilalia. Kazi hiyo ilinisaidia na mimi. Watoto tuliwaambia ukweli kwamba Chausiku amekufa, wakashika majembe. Chimbeni shimo refu, mbwa na nguchiro wasifukue.

Usilete mwingine wiki hiyohiyo ili kuziba pengo. Ngoja aliyebaki ale vizuri na wewe mwenyewe uwe na moyo wa kuuguza tena. Jike na dume wasiwekwe pamoja kama dume hajahasiwa, na akishahasiwa asubiri wiki kadhaa kwanza. Mgeni muweke ng'ambo ya wavu, wanusane bila kugusana. Wakianza kulala karibu na wavu, kila mmoja upande wake, wakutanishe mahali ambapo hakuna kati yao aliyewahi kukaa, nawe ukiwa hapohapo na taulo mkononi. Wakipigana, watenganishe, mwanze upya siku nyingine.