Dodoso la siku ya kufunga mafunzo: jibu langu kwa mleta mada wa Moshi

Mleta mada, umesema kikundi chenu kinamalizia mafunzo ya kuzuia mimba za utotoni kwenye sekondari tatu za Moshi Vijijini, mfadhili anataka tathmini, na mmeandaa dodoso la maswali 62 lijazwe siku ya kufunga. Waliotangulia wamekushauri uongeze maswali. Mimi nakuomba uyapunguze yabaki 15, na siku ya kufunga usigawe dodoso kabisa.

Nimefanya kazi ya kukusanya takwimu za miradi hii tangu 2019, zaidi Arusha na Kilimanjaro. Ule wa kwanza ulikuwa upande wa Arumeru. Siku ya kufunga watoto walikunywa soda, wakala maandazi, kisha mwezeshaji wao waliyempenda akagawa fomu kwa mkono wake na kupitapita katikati ya madawati wakijaza. Karibu wote wakaweka vema kwenye "mafunzo yamenisaidia sana". Tukafurahi. Nilipokaa usiku kulinganisha orodha ya mwezi wa pili na ile ya mwisho, nikakuta wasichana 11 hawamo. Wengine walihama, wengine hawakuwa na hela ya michango. Wanne walikuwa wameacha shule kwa mimba. Yaani wale ambao mradi uliandikwa kwa ajili yao ndio hawakuulizwa chochote.

Machi 2020 nilimpata mmoja wao kwa bibi yake, Ngaramtoni, ana mtoto wa miezi miwili. Nikamuuliza kuhusu mafunzo. Aliyakumbuka vizuri kuliko nilivyotegemea, hata michezo. Lakini somo la njia za kuzuia mimba tulikuwa tumelipanga liwe la tisa, baada ya kujitambua, malengo ya maisha na mengine. Akaniambia, "Dada, hilo somo lilinikuta nimeshabeba." Sikuwa na la kumjibu. Na wakati huo Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unaoruhusu waliokatiza masomo kurudi darasani ulikuwa bado, kwa hiyo shule kwake ilikuwa imekwisha. Mwaka uliofuata somo hilo tulilifanya la pili. Mabadiliko hayo hayakutoka kwenye fomu hata moja kati ya zile zilizojaa vema.

Basi kabla ya maswali, shika orodha. Kila jina la mwanzo lijulikane liko wapi mwishoni, na mtenge nauli ya kuwafuata walioacha shule. Wachache tu watawafundisha mengi.

Sasa maneno. Nimeona kwenye rasimu yako umeuliza, "Je, umewahi kushiriki tendo la ndoa?" Msichana wa kidato cha pili atajibu hapana bila kudanganya, maana hajaolewa. Vivyo hivyo "uzazi wa mpango": wengi wanalichukua kuwa jambo la mama zao. Muulize, ukitaka kondomu leo ungeipata wapi, na nani angekuona? Hapo utajua kama somo limemfikia. Kaa kwanza na wasichana watano au sita wa shule nyingine, wasomee swali, kisha waambie wakueleze wamelielewaje. Ni mchana mmoja tu, na mimi sijawahi kutoka hapo bila kufuta kitu.

Halafu hofu. Shule nyingi wasichana wameshapimwa mimba kwa lazima, kwa hiyo karatasi yoyote inayouliza habari za mwili wao wanaiona mtego. Fomu isiwe na jina. Sisi tunatumia alama: herufi mbili za kwanza za jina la mama na tarehe ya kuzaliwa, ili fomu ya mwanzo ioane na ya mwisho. Asimamie mtu wasiyemfahamu, mwalimu atoke nje, maswali yasomwe kwa sauti wote waende pamoja, na kila mmoja atumbukize yake kwenye sanduku lenye kufuli.

Hata hivyo usiamini kila kitu. Mradi wa MEMA kwa Vijana kule Mwanza, ulioanza 1999 katika jumuiya 20 za vijijini, nusu zikipata mafunzo ya afya ya uzazi na nusu zikiwa za kulinganisha, ulionyesha maarifa yamepanda na vijana wakataja mitazamo mipya. Vipimo havikuonyesha kwamba maambukizi ya VVU au mimba zimepungua. Tena wapo wasichana waliojibu hawajawahi kufanya ngono huku vipimo vikisema vingine. Hao walikuwa watafiti wenye maabara. Kikundi chenu chenye shule tatu kisimwandikie mfadhili kwamba "tumepunguza mimba", kwa sababu kwa idadi hiyo mimba moja au mbili zinageuza asilimia yote. Andikeni mlichoweza kukiona, na mrudi baada ya miezi sita muulize tena.

Jambo ambalo sikuliona popote kwenye rasimu yako ndilo linaloniumiza zaidi. Utauliza, na yupo atakayeandika kwamba alilazimishwa, pengine na mtu wa nyumbani. Utafanya nini na karatasi hiyo? Kabla hamjagawa hata moja, zungumzeni na afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, mkubaliane nani anapokea. Namba 116, simu ya mtoto, iandikwe kwenye kikaratasi kidogo ambacho kila mmoja anaondoka nacho, ili anayekihitaji asijulikane. Waambie mapema pia kwamba atakayetaka msaada aseme na nani, kwa kuwa fomu isiyo na jina haiwezi kumfuata. Ridhaa ya wazazi na kibali cha halmashauri navyo msiviruke.

Ukishapunguza, yabandike hapa maswali 15 yaliyobaki. Nitayapitia moja moja, hata usiku.