Msemo Ukifika Kikaoni, Umeshazeeka

Katika miaka yangu ya kuandika matangazo, hakuna swali linalonitia wasiwasi kikaoni kama hili: "Vijana siku hizi wanasemaje?" Anayeuliza ana nia njema kabisa. Ameona msemo kwenye simu ya binti yake, umemchekesha, na sasa anataka bidhaa yake nayo iuseme.

Zamani nilikuwa nakubali haraka. Kuna mteja mmoja tuliyemchukulia msemo uliokuwa ukivuma mtandaoni, tukalipa bomba la dawa ya meno lililochorwa miguu liuseme, likicheza dansi. Chumba kizima kilicheka. Kisha kazi ikaanza safari: kwa mwanasheria, kwa meneja wa mauzo, kwa bosi aliyekuwa nje ya nchi, ikarudi na agizo kwamba nembo ikuzwe, ikaondoka tena. Zikapita wiki sita. Tangazo lilipotoka, msemo ule ulikuwa umefika kwa walimu wakuu, na vijana waliouanzisha walikuwa wameshauhama. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na sisi tulifika wakati wa kukusanya vijiti.

Kwa hiyo mtu akikuletea kitu kinachovuma, jambo la kwanza hesabu saini zinazohitajika kabla kazi haijatoka. Februari 3, 2013, umeme ulikatika uwanjani New Orleans katikati ya Super Bowl, fainali ya kandanda ya Kimarekani, mchezo ukasimama dakika 34. Taa hazijarudi, Oreo walishatuma mtandaoni picha ya biskuti yao kwenye mwanga hafifu, na maneno kwamba hata gizani unaweza kuichovya. Watu wengi wanasifu ule utani. Mimi nasifu viti: waandishi, wabunifu na wenye mamlaka ya kusema "ndiyo" walikuwa wameketi chumba kimoja. Kama bosi wako hayupo chumbani, achana na vinavyovuma. Nasema hivi kwa uchungu, maana nimeona mawazo mazuri yakizeekea kwenye barua pepe.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya polepole. Sikiliza watu kabla hawajawa gumzo. Salamu ya "Whassup" (yaani "vipi?") ya bia ya Budweiser, iliyoanza kurushwa mwaka 1999, haikubuniwa kikaoni. Charles Stone III na marafiki zake walikuwa wakiitana hivyo kwenye simu, yeye akaitengenezea filamu fupi, ndipo watu wa matangazo wakaiona. Hata wengi wa walioigiza walikuwa ni wale wale marafiki. Ndiyo maana ile salamu ilisikika ina joto. Usingeweza kuwakodi watu wakaupata ule uvivu mtamu wa kuongea na mtu uliyemzoea.

Na kuna kilele ambacho kila mwandishi wa matangazo anakiota: utamaduni wenyewe uazime kutoka kwako. Mwaka 1984 Wendy's, wauza hamburger wa Marekani, walimweka bibi mmoja wa zaidi ya miaka 80, Clara Peller, mbele ya mkate mkubwa wenye kipande kidogo cha nyama, akafoka: nyama iko wapi? Mwezi Machi mwaka huohuo mwanasiasa Walter Mondale akamtupia mpinzani wake Gary Hart swali lilelile kwenye mdahalo wa waliowania tiketi ya urais wa Marekani, akimaanisha kwamba sera za Hart hazina kitu ndani. Angalia vizuri, lakini. Swali lile lilikuwa la mteja aliyepunjwa, na kila mtu amewahi kupunjwa. Halikuazima utani wa mtu yeyote.

Mimi siku hizi natembea na daftari dogo. Siandiki mawazo ya matangazo humo, naandika maneno ya watu tu, kama yalivyotoka. Yule anayesema "nimeshafika" huku bado anatafuta funguo za nyumba yake. Mtu anayejibu ujumbe wa aya nne kwa "sawa." Wanafunzi wangu kazini nawapa zoezi hilohilo: siku nzima, simu mfukoni, masikio wazi. Siku ya kwanza hurudi na mistari miwili, wakilalamika kwamba watu hawasemi kitu. Wiki ya pili kurasa hazitoshi.

Juzi kwenye foleni mama alimwambia mwanawe aache kusinzia, mtoto akamjibu: "Sisinzii, nafumba macho ili nisikie vizuri." Nimeiandika na tarehe kabisa. Bado sijapata bidhaa inayoistahili.